Moto wa Jikoni Ni wa Nani?



Juma lililopita, tulipokuwa tunazungumzia bei ya mkaa katika kipindi hiki, alipiga simu bwana mmoja akasema jambo ambalo nimelisikia mara nyingi, vijiweni na hata kwenye semina za watu waliovaa tai. Alisema wanaomaliza misitu ya nchi hii ni akina mama, kwa sababu ndio wanaochoma mkaa kutwa mara tatu. Muda ulikuwa umeisha, sikumjibu. Leo nitamjibu polepole, maana hoja yake si ya kupuuza. Ukiingia jikoni kwake, anayepepea moto kwa mfuniko wa ndoo ni mkewe, na mkaa amekwenda kuununua mkewe. Kama moshi unahesabiwa kwa kumtazama aliyekaa karibu nao, bwana yule ameshinda kesi.

Kuna wenzetu wamejaribu kuifanya hesabu hii kwa karatasi na kalamu. Mwaka 2021 watafiti wa Uswidi, akiwemo Annika Carlsson Kanyama, walichukua wanaume wanaoishi peke yao na wanawake wanaoishi peke yao, wakapitia manunuzi yao: chakula, samani, likizo, usafiri. Kisha wakapiga hesabu ya hewa ukaa iliyotokana na kila kitu kilichonunuliwa. Kwa upande wa fedha walikuwa karibu sawa. Wanaume walizidi kwa asilimia 2 tu. Kwa upande wa hewa ukaa wanaume walizidi kwa asilimia 16. Sababu kubwa ilikuwa mafuta ya gari. Mwanamke alipeleka fedha yake zaidi kwenye matibabu, samani na nguo, vitu ambavyo shilingi kwa shilingi, au tuseme krona kwa krona, vina moshi kidogo kuliko petroli.

Nimeipenda hesabu hiyo, ila tazama jinsi ilivyowezekana. Walichagua watu wanaoishi peke yao, mtu na risiti zake. Hapa Mwanza nani anaishi peke yake na risiti zake? Nyumba ya Igogo ina baba, mama, watoto wanne, shemeji aliyekuja kusoma, na bibi aliyeletwa kutibiwa Bugando akakaa miezi miwili. Sufuria ni moja, ugali ni mmoja. Ukisema moto ule ni wa mama kwa kuwa ndiye aliyeuwasha, basi itabidi useme pia kwamba moshi wa daladala ya Igoma wote ni wa dereva, abiria hawamo.

Hata yule kijana anayeishi peke yake kweli, mwenye chumba kimoja, godoro na redio ambayo huenda ndiyo anayonisikilizia sasa hivi, ukimhesabu kwa mtindo wa Uswidi utapotea. Hana jiko. Asubuhi anakunywa supu na chapati, mchana anakula wali maharage kwa mama ntilie, usiku chipsi mayai. Mtafiti akichungulia chumbani kwake haoni mkaa wala mtungi, atamwandika mtu safi kuliko malaika. Mkaa wake upo, unawaka chini ya sufuria ya mama mmoja pale Mlango Mmoja, na kwenye takwimu umeandikwa chini ya jina la yule mama.

Kwa hiyo mimi nina swali tofauti na la yule bwana. Badala ya kuuliza nani kawasha, naomba tuulize nani kala, na nani alishika pesa ya kuamua kiwashwe nini.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo mambo yanapokaa. Saa tatu asubuhi, mlimani Mabatini, kwenye ngazi za mawe. Baba ameshatoka, ameacha hela ya matumizi mezani, tuseme shilingi 5,000. Mama anaigawa kichwani kabla hajavaa kandambili: unga, dagaa, nyanya fungu moja, mafuta ya kupimiwa, na mkaa. Mkaa anaununua kwa sado, na siku mbaya kwa kopo. Muuza mkaa anajua kabisa mteja wake ana kiasi gani mkononi, ndiyo maana akabuni kipimo cha kila mfuko. Gesi haina huruma hiyo. Kujaza mtungi mdogo wa kilo 6 kunataka zaidi ya shilingi 20,000, zote, kwa mkupuo. Ukijumlisha mkaa wa sado kwa mwezi mzima utakuta mara nyingi unakaribia bei ya gesi, wakati mwingine unaizidi. Mama huyo anaijua hesabu hiyo kuliko mimi. Asichokuwa nacho ni 20,000 iliyokaa pamoja siku moja. Anayeweza kuwa nayo ni yule aliyeondoka asubuhi.

Na kuna jambo ambalo matangazo ya gesi huwa hayalionyeshi. Katika matangazo utamwona dada mrembo anakaanga mayai mawili. Hujamwona anasonga ugali wa watu wanane. Ugali wa Kisukuma unasongwa kwa mabega, mwiko unazama mpaka chini, na kale kamtungi kenye jiko juu yake kanayumba. Mama anashusha mtungi sakafuni, anaubana kwa miguu, anamwita mtoto ashike sufuria kwa kitambaa, na hapo unga wa moto unaruka. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye mtungi zina jiko la mkaa pembeni. Gesi ni ya chai na kupasha kiporo, mkaa ni wa ugali, maharage na makande. Mtu wa takwimu akipita anaandika kwamba nyumba hii inatumia nishati safi, anashuka mlima ameridhika.

Sasa nichukue kalamu kidogo, msikilizaji, univumilie. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua inatoa takriban kilo 3 za hewa ukaa. Mtungi wa kilo 6, basi, ni kilo 18. Lita moja ya petroli inatoa kilo 2.3 hivi. Kwa hiyo mtungi mzima wa jikoni ni sawa na lita 8 za petroli. Mtungi ule, ukitumika kwa uangalifu, unaisukuma nyumba wiki mbili, tatu. Lita 8 kwa kijana wa bodaboda anayeshinda barabarani kati ya Buzuruga na mjini ni siku mbili au tatu. Simlaumu kijana wa bodaboda, abiria wake wa kwanza asubuhi ni mama mwenye ndoo ya samaki. Ninachotaka ni moja tu: semina za mazingira zinazojaa majiko, zipate pia nafasi ya matangi ya mafuta.

Mkaa wenyewe ndio mbaya zaidi, hilo sibishani nalo. Kilo moja ikiwaka inatoa karibu kilo 3 kama gesi, lakini imekuja na deni lake tangu porini. Katika tanuru la udongo, lile la kufukia magogo, kilo moja ya mkaa inakula kilo 6 mpaka 10 za kuni, na moshi unaotoka humo una methani, gesi inayopasha joto zaidi kuliko hewa ukaa. Sehemu kubwa ya madhara imeshatokea kabla gunia halijafungwa. Na huko porini, upande wa Geita, Kahama na Biharamulo, mkata gogo ni mwanaume, mfukia tanuru kwa kawaida ni mwanaume, mwenye lori ni mwanaume, na wale wanaozungumza kwa sauti ya chini pale kizuizini usiku ni wanaume watupu. Mkaa unaanza kuwa wa wanawake pale gunia linapopasuliwa gengeni na kupimwa kwa kopo. Faida yake hapo ni ya kununulia chumvi.

Wasukuma wenyewe wanajua kwamba miti ikiachwa inarudi. Shinyanga, jirani zetu, ilikuwa imegeuka karibu jangwa. Miti ilikatwa miaka na miaka, mingine kwa amri ya wakoloni waliotaka kuua mbung'o, mingine kupisha pamba. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na ujanja wake haukuwa wa ajabu. Ulirudi kwenye ngitili, ule utamaduni wa kutenga malisho yasiguswe mpaka kiangazi. Visiki vikachipua. Mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kijani, na akina mama waliokuwa wakitembea nusu siku kutafuta kuni wakazipata karibu. Lakini ngitili hutengwa na mwenye ardhi na mwenye ng'ombe, na katika boma la Kisukuma tunajua huyo ni nani.

Na tukitaja ng'ombe tusikimbie. Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 30, na Kanda ya Ziwa ina fungu lake nono. Ng'ombe mmoja anacheua na kutoa makumi ya kilo za methani kwa mwaka. Ukizibadili kuwa hesabu ya hewa ukaa, ni karibu tani moja. Mtanzania mmoja, kwa mafuta na gesi anazochoma, hafiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo mzee mwenye ng'ombe 60 kule Magu ana kiwanda kidogo uani, na sijasikia semina iliyowahi kumwita mharibifu. Akimwozesha binti, ng'ombe 15 wa mahari wanaingia bomani, na ukitaka kujua methani yao iandikwe kwa bibi harusi au kwa baba yake, nakuachia wewe. Jioni kwenye baa nyama choma inakaa mbele ya nani? Nyumbani hata kuku akichinjwa, firigisi ina mwenyewe. Sisemi wanawake hawapendi nyama. Nasema sahani inavyogawiwa inajulikana.

Twende ziwani sasa, maana huko ndiko hadithi yenyewe ilipo.

Zamani ziwa hili lilikuwa la furu na ningu na sato. Furu ni samaki mdogo, hana mafuta mengi. Wanawake walimpasua, wakamwanika kwenye mawe, jua likamaliza kazi bure. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, upande wa Uganda, wakubwa wa serikali ya kikoloni na idara ya uvuvi wakamtia ziwani sangara. Mwanzoni alitulia. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amezagaa mpaka huku kwetu, aina nyingi za furu zimekwenda tumboni mwake. Sangara ni samaki wa kilo nyingi, na ana mafuta. Ukimwanika juani anaoza. Lazima abanikwe kwa moshi au akaangwe. Yaani uamuzi uliofanywa na watu wasiowahi kushika kisu cha samaki uliwahamisha wanawake wa mwambao mzima kutoka kwenye jua kwenda kwenye kuni. Miti ya visiwani na kando ya ziwa ikaanza kuingia kwenye matanuri ya samaki. Ukipita ukamwona mama amepiga magoti mbele ya tanuri, macho mekundu, unaweza kusema huyu ndiye anayemaliza miti. Ni kweli kuni anazitia yeye.

Halafu vikaja viwanda, miaka ya 1990. Minofu ikawa ya kiwandani, ikapoozwa, mingine ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kwa akina mama yakabaki mapanki, kichwa na mifupa yenye nyama ya kukwaruza, wakayakaanga kwenye mapipa ya mafuta juu ya kuni. Samaki mmoja, mioto miwili. Mafuta ya ndege yanapaswa kuandikwa kwa mlaji wa Ulaya aliyekula mnofu, kama tunafuata kanuni ya Waswidi ya kumhesabia mlaji. Kuni za mapanki ni zetu sisi tuliokula kichwa.

Dagaa ndio wanaonifurahisha. Usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo, wanaume wanatoka na mitumbwi, injini zinanguruma, taa zinawashwa majini mpaka ziwa linaonekana kama mji. Zamani zilikuwa karabai, zikinywa mafuta ya taa usiku kucha. Siku hizi taa za betri na za sola zimechukua nafasi kwa kasi, na hilo wavuvi walilifanya kwa sababu mafuta ya taa yalikula faida yao. Alfajiri dagaa wanashushwa na wanawake wanawapokea kwenye beseni. Kuanzia hapo mpaka gunia linaposhonwa kwa safari ya Kongo au Zambia, hakuna tone la petroli wala kipande cha kuni. Ni mchanga, vichanja, na jua. Ukipita Igombe au Kayenze saa nne asubuhi utawaona wameinama, wanageuza dagaa kwa mikono na mifagio, kitenge kimefunika kichwa na masikio. Katika ziwa zima sijui kazi yenye hewa ukaa ndogo kuliko hiyo. Mvua ikinyesha bila kutarajiwa, na siku hizi inanyesha bila kutarajiwa, dagaa wanaharibika kabla hawajakauka, wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Hasara hiyo haiendi kwa mwenye injini. Ameshauza alfajiri, yupo kitandani.

Nisije nikaonekana nimeajiriwa na akina mama. Wapo wanawake matajiri wa mitumbwi, wanamiliki injini na nyavu na wanawaajiri wanaume wenzangu. Wapo wanaochoma mkaa wenyewe. Wapo mabibi wa Capri Point wenye magari makubwa ambayo kuyajaza tanki ni mshahara wa mtu. Uswidi kwenyewe tofauti haikuwa ya damu, ilikuwa ya nani yupo nyuma ya usukani. Mwanamke akipewa usukani, mafuta yanaungua vilevile. Na tukumbuke ukubwa wa jambo hili. Kwa hesabu ya mafuta na viwanda, Mtanzania anatoa robo ya tani hivi kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unazidi tani 4. Baba na mama wa Igogo wakigombana ni nani kachafua anga zaidi, wanagombania makombo.

Kwa nini basi nimechukua jioni yako? Kwa sababu fedha zimeanza kutoka, na fedha hufuata hesabu. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Mwezi huohuo alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano wa kimataifa wa jambo hilohilo. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimekwisha kuamriwa ziachane na kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umeuza mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei. Ni mambo mema, na Serikali yenyewe hutaja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa majumbani, vya akina mama na watoto kwa wingi. Lakini mtungi wa nusu bei unafika nyumbani umejaa mara moja. Mara ya pili unategemea ile 20,000. Nimeona mitungi iliyogeuzwa kigoda.

Dar es Salaam walishajaribu mita za gesi, mtu analipia kwa simu kiasi alichonacho, hata cha siku moja, gesi inafunguka. Hicho ndicho kipimo cha sado kilichohamia kwenye gesi, na mtu aliyekibuni ni wazi aliwahi kusimama gengeni. Huku ziwani tunakihitaji kuliko mabango. Lipo pia jungu la umeme la presha: maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja, na umeme wetu kwa sehemu kubwa sasa unatoka majini, bwawa la Julius Nyerere likiwa na megawati zake 2,115. Jungu hilo halisongi ugali, tusidanganyane. Lakini linaondoa maharage na makande, ambayo ndiyo yanayokula mkaa saa tatu mfululizo, na linaliachia jiko la mkaa dakika 20 za ugali.

Na wa kuanza naye, kwa maoni yangu, ni mama ntilie. Amri ya taasisi za watu 100 haimgusi, kwa kuwa, mmoja mmoja, wengi wao hawafikishi watu 100. Ila hesabu safu nzima pale Mwaloni Kirumba kuanzia saa kumi na moja alfajiri: wapakiaji, wavuvi, madereva wa malori, makarani, wauza barafu. Wanaume mia kadhaa wanakula kwa moto ambao kila mmoja wao akiulizwa atasema si wake. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mama ntilie watano kikiomba majungu ya umeme na mita ya gesi ya pamoja, kina haki ya kusikilizwa, na mteja anayekula hapo kila siku anaweza kuchangia 100 kwenye sahani bila kufa.

Simu za studio ziko wazi baada ya wimbo huu. Bwana wa juma lililopita, kama unanisikia, piga wewe kwanza, na uje na risiti ya mafuta ya pikipiki yako.